Kuitafuta Eastlands Ndani ya Filamu za Kale

Mwezi Aprili 2014 kampuni ya British Pathé ya Uingereza iliweka kwenye YouTube filamu zipatazo 85,000 kutoka ghala lake, bure kwa yeyote anayetaka kutazama. Tangu hapo mkazi wa Jericho, mtaa wa Eastlands mashariki mwa Nairobi, mwenye simu na bando la kutosha anaweza kuiona Kenya ilivyokuwa kabla babu yake hajaoa. Ukishatazama filamu kadhaa za safari na za viwanda za enzi ya ukoloni, za kampuni hiyo na za wengineo, unaanza kubashiri kitakachofuata. Gari moshi linapanda kutoka pwani. Twiga wanavuka uwanda. Nairobi inapita upesi, barabara pana ya Delamere ambayo leo ni Kenyatta Avenue, magari yameegeshwa kwa unadhifu, halafu tunakwenda kwenye chai, kahawa na pareto, na mwisho maji ya Ziwa Victoria. Mtu wa Eastlands hungoja mtaa wake utokee, na filamu inaisha.

Hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Karibu kila moja ya filamu hizi ilitengenezwa ili kuuza kitu, na kilichokuwa kinauzwa hakikukaa upande wa mashariki wa jiji.

Bidhaa ya kwanza ilikuwa wanyama. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda, Mwingereza Cherry Kearton alikuwapo na kamera, na filamu yake ikaonyeshwa Marekani mwaka uliofuata. Martin na Osa Johnson, nao wa Marekani, walikaa miaka kadhaa Marsabit wakipiga picha za ndovu na simba, wakatoa filamu yao *Simba* mwaka 1928. Ndani ya filamu hizo Nairobi ni kituo cha kununulia vifaa na kuandikia wapagazi kazi. Wapagazi wenyewe wanaonekana kwa mstari mrefu, mizigo kichwani, wakipita kutoka kushoto kwenda kulia. Majina yao hayasemwi.

Bidhaa ya pili ilikuwa mazao. Serikali ya Uingereza ilianzisha Bodi ya Masoko ya Himaya mwaka 1926 ili watu wa kule wanunue vitu vya makoloni, na ni katika bodi hiyo John Grierson alikoanzia kazi iliyomfanya aitwe baba wa filamu za hali halisi za Uingereza. Mtindo ulioenea baadaye ni wa kulifuata zao kutoka shambani hadi melini. Kwa kahawa ya Kenya, Nairobi ilikuwa katikati ya safari hiyo: ndipo punje zilipokobolewa, zikachaguliwa kwa mikono ya wanawake walioketi kwenye meza ndefu, zikatiwa magunia na kupakiwa kwenye mabehewa. Makuli na mafundi wa reli walikuwa watu wa landhi za Muthurwa na Makongeni. Vibarua wa Industrial Area walitoka Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni. Hapa ndipo mahali pa kutazama kwa makini, kwa sababu kamera iliipenda mikono hiyo ikiwa kazini tu. King'ora cha jioni kikilia, filamu inahamia bandarini. Inaniuma kila nikikumbuka kwamba filamu ya ndugu Lumière iliyozindua sinema Ufaransa mwaka 1895 ni ya wafanyakazi wakitoka kiwandani kurudi makwao. Sinema ilianzia kwenye lango la kiwanda, lakini ilipofika Nairobi haikulisubiri lango lifunguliwe.

Vifaa navyo vilichangia. Wapiga picha wengi wa safari na wa idara za serikali walitumia kamera za filamu ya milimita 16 zinazoendeshwa kwa spring, mashine unayoijaza kwa mkono kama saa ya ukutani. Ukiijaza mpaka mwisho, kamera ya Bolex hukupa chini ya nusu dakika kabla haijasimama. Roli ya futi 100 huisha chini ya dakika tatu. Mtu mwenye roli chache mfukoni, aliyetumwa kuleta picha za kahawa, hakuwa na ukanda wa kuchezea mtaani. Na kamera hizo hazikunasa sauti. Maneno, muziki, hata kelele za soko viliongezwa baadaye, mara nyingi London. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mtu anayezisoma filamu hizi ni kuzima sauti kabisa na kutazama picha peke yake. Msimulizi anakuelekeza macho pale mdhamini alipotaka, na ukimnyamazisha unaanza kuona vitu vingine.

Kuna filamu za aina nyingine, zilizotengenezwa ili Waafrika wenyewe wazitazame. Kati ya 1935 na 1937 L. A. Notcutt na G. C. Latham, wakiwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara, walitengeneza filamu 35 za mafunzo kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, wakazitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Sauti waliiweka kwenye sahani za santuri, ili filamu moja iweze kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Nyingi za filamu hizo zimepotea. Chache tu ndizo zimehifadhiwa Uingereza. Vita vilipoanza mwaka 1939 Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya mwendo wa kasi. Akaagiza picha ziwe za polepole, zisirukeruke, kila tendo lionyeshwe mwanzo hadi mwisho, na pasiwe na hila za kamera.

Imani hiyo ilikuwa tusi, na utafiti wa baadaye haukuiunga mkono. Lakini kwetu sisi imeacha kitu ambacho Sellers hakukikusudia. Kamera iliyoagizwa isimame mbali na isikate haraka hunasa kila kilicho nyuma ya mhusika. Mbele yako kuna mganga msaidizi anayeonyesha namna ya kuosha kidonda. Nyuma yake kuna ukuta, mfereji wa maji, mwanamke na debe kichwani, baiskeli yenye mzigo, watoto waliosimama kumshangaa mpiga picha. Filamu za haraka zilizohaririwa kwa ustadi kwa ajili ya watazamaji wa Ulaya hazikupi nafasi hiyo. Zile zilizodharauliwa kuwa za kuchosha ndizo tajiri.

Eastlands yenyewe, kama mtaa wenye jina, iliingia kwenye picha kwa sababu tatu. Ya kwanza ni nyumba. Baada ya vita, Kaloleni ikiwa imejengwa katika miaka ya 1940 kwa mpango wa bustani na ukumbi katikati, maofisa walikuwa na kitu cha kuwaonyesha wageni. Mwaka 1948 ukatoka mpango mkuu wa jiji, kazi ya Thornton White na wenzake wawili, uliochora mitaa mingine kwa mfano wa namna hiyo. Tarehe 30 Machi 1950 Duke wa Gloucester akaikabidhi Nairobi hati ya kuwa jiji. Ukitazama picha yoyote ya mwaka ule yenye bendera na nyasi zilizokatwa, weka karibu yake tarehe nyingine: katikati ya Mei 1950 Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya wiki moja, Pumwani na Shauri Moyo zikiwa kiini cha mgomo. Chama chao, Kongresi ya Vyama vya Wafanyakazi ya Afrika Mashariki, kilikuwa kimesusia sherehe za hati ile.

Sababu ya pili ni polisi. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi wakauzingira mji mzima kwa Operesheni Anvil, wakapita mtaa kwa mtaa wakiwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kampuni za habari za sinema zilipenda matukio ya aina hii. Picha za miaka hiyo zinaonyesha wanaume wameketi chini kwa safu, mikono kichwani, askari wakipita katikati yao. Tofauti na za mashamba, picha hizi zinakaribia nyuso. Kuna watu Nairobi leo ambao baba au babu yao alichukuliwa asubuhi ile na hawana hata picha moja yake ya ujanani. Huenda ipo, katika ghala lenye baridi ng'ambo, imeandikwa tu kwamba ni washukiwa. Nadhani hakuna filamu za Kenya zinazostahili kurudi nyumbani kabla ya hizi.

Ya tatu ni misaada. Dandora ilipoanza kujengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975, viwanja vipatavyo 6,000 vyenye huduma kwa wananchi wa kipato cha chini, ikawa mfano wa kuonyesha duniani. Siku hizi wageni wenye kamera huja Dandora kwa ajili ya jaa la taka, na Mathare kwa ajili ya mabati. Wanaondoka na picha, na mtindo ni uleule.

Wapo waliouvunja mtindo huo. Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akaanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 kabla ya kuihamishia Nairobi. Dunia inamkumbuka kwa njaa ya Ethiopia ya 1984, lakini kwa mwenye kuhifadhi filamu jambo kubwa ni kwamba alipofariki katika ajali ya ndege Novemba 1996 ghala lake lilibaki mikononi mwa familia yake, Nairobi. Anthony Howarth na David Koff nao walifanya jambo la maana katika filamu tatu za *Black Man's Land* za mwaka 1973: walichukua picha zilezile za wakoloni wakaziweka pamoja na ushuhuda wa Wakenya, na maana yake ikageuka.

Filamu isiyo na tarehe husomwaje? Kwa vitu vidogo. Mwanaume aliyevaa kibweta cha chuma shingoni amebeba kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, basi tuko kati ya mwanzo wa miaka ya 1920 na mwisho wa ile ya 1940. Injini kubwa ya Garratt ya aina ya 59 inayovuta mabehewa inatuambia ni 1955 au baadaye. Seng'enge iliyozungushwa mtaa ni ya Hali ya Hatari. Mnara wa KICC ukionekana magharibi, umekamilika, tumevuka 1973. Jua nalo husaidia: Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo vivuli vya asubuhi huelekea magharibi na vya jioni mashariki mwaka mzima, nawe ukijua reli inakwenda upande gani unaweza kukisia kamera ilisimama wapi.

Muda wa kufanya kazi hii ni mfupi. Filamu ya asetati huoza kwa kutoa asidi. Ukifungua kopo likakupiga harufu ya siki, uozo umeanza, na mvuke huo huharakisha kuoza kwa makopo jirani. Rangi za Eastmancolor za zamani hufifia mpaka kila kitu kinabaki chekundu. Baridi na hewa kavu hupunguza kasi, hakuna dawa ya kuponya. Familia ya Eastleigh au Ofafa yenye roli ya harusi kabatini isiipitishe kwenye projekta ya zamani, maana ukanda uliosinyaa huchanika kwenye meno ya mashine. Iwekwe mahali pa baridi, itengwe na nyingine kama inanuka, ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kunakili kidijitali.

Kikwazo cha pili ni cha sheria na fedha. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, ulinzi wa filamu hudumu miaka 50, muda ambao nyingi za enzi ya ukoloni zimeshaupita. Hata hivyo mwenye kushika mkanda halisi ndiye mwenye mlango, na maghala makubwa hutoza matumizi ya picha kwa sekunde. Mtengenezaji filamu wa mtaani Umoja hulipa ili kuuonyesha mtaa wa shangazi yake.

Lakini kunakili na kununua havitoshi kama hakuna anayejua kilichomo. Orodha ya mtandaoni ya filamu za kikoloni iliyotolewa Uingereza mwaka 2010 ina filamu zaidi ya 6,000 za makoloni yote, na ni msaada mkubwa, ila wataalamu wa London hawawezi kujua ukuta ule ni wa Bondeni au wa Starehe. Wanaojua wako hapa, wamezeeka, na mitaa yao inabomolewa. Pangani ya kwanza ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wakahamishiwa Shauri Moyo. Nyumba za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, za Pangani ya pili zimekwisha kupisha ghorofa mpya, na mitaa mingine ya kanjo imo kwenye foleni.

Mahali pa kufanyia kazi hii papo. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya wazungu kwa kumbukumbu ya yule tajiri aliyempokea Roosevelt shambani kwake, ina matawi Kaloleni na Makadara, na shirika la Book Bunk limeyakarabati. Chukua projekta, ukuta mweupe, na nakala ya filamu isiyo na sauti. Waalike wazee na bibi zao, onyesha picha mara mbili kwa mwendo wa kawaida, kisha isimamishe sekunde kumi kumi. Rekodi maneno yao kwa lugha waliyoyasema. Andika dakika na sekunde ya picha, jina la mahali, jina la mtu akitambulikana na familia yake ikikubali, na jina la aliyetambua pamoja na mtaa na nyumba aliyoishi. Wazee wawili wakibishana kama ule ni ukumbi wa Kaloleni au wa Pumwani, andika majibu yote mawili, kila moja na mwenyewe.