JE, WAJUA? Wahusika wa Hadithi na Watu Waliowabeba

Sogea kidogo, msomaji wangu wa Nzega, tukae wote kwenye hili benchi. Leo ni zamu ya wahusika wa hadithi. Hawana cheti cha kuzaliwa, lakini wengine tunawajua kuliko majirani zetu. Shika habari hizi moja moja!

Je, wajua kwamba Bwana Msa aliingia mjini kwa ushindi? Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*. Ndiyo riwaya ya mpelelezi huyo na kiko chake mdomoni! Kitu kimoja tu cha kumtambulisha mhusika, na tangu kitabu kilipotoka 1960 watu hawajamsahau.

Je, wajua kwamba Joram Kiango ana asili ya huku kwetu bara? Mpelelezi huyo alibuniwa na Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wa Kigoma, kule ilikoishia njia ya misafara iliyopita Tabora. Nani alikwambia mashujaa wa riwaya lazima watoke Dar es Salaam?

Je, wajua kwamba dereva wa lori asiyekuwepo aliwahi kuifundisha nchi? Anaitwa Mkwaju, mhusika wa mchezo wa redio *Twende na Wakati*, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, mara mbili kwa wiki. Mpenda starehe, mwenye mke nyumbani, Tunu, na wanawake wengine njiani. Wasikilizaji walimsikia anavyojiangamiza kwa UKIMWI, wakajifunza kwake.

Na bado! Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe waliomsikia Mkwaju na wasiomsikia. Mhusika wa kubuni kupimwa kama dawa, umewahi kusikia?

Sasa geuka uangalie malori yanayopita hapa Nzega kwenda Mwanza na Kahama. Mwangalie yule utingo anayezunguka gari, anagonga tairi moja moja kwa chuma, anainamisha sikio, anasikiliza. Hujaambiwa jina lake wala umri wake, lakini tayari unajua ni mtu makini. Hivyo ndivyo mhusika anavyozaliwa!

Je, wajua kwamba mtu mmoja aliongozana na wasafiri wa Kizungu Burton, Speke, Stanley na Cameron? Ni Sidi Mubarak Bombay. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Afrika, akatembea bara hili kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunuku medali ya fedha. Njia yake ilipita Tabora, na riwaya yake inakusubiri wewe!

Je, wajua kwamba Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu? Kitabu hicho, kilichochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, kinatajwa kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili. Na baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora. Mfanyabiashara wa pembe na watumwa akijieleza kwa mdomo wake mwenyewe: hakuna darasa zuri kuliko hilo kwa anayetaka kumchora mtu mwenye giza moyoni.

Je, wajua kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa Maji Maji? Ebrahim Hussein, aliyeandika tamthilia ya *Kinjeketile* (1969), alisema wazi kwamba huyo wake ni wa kubuni. Kwa hiyo ukimtaka mtemi Mirambo katika hadithi yako, mchukue. Ila mpe hofu zake, ndoto zake na usiku wa kukosa usingizi.

Je, wajua kwamba mume na mke walisubiri mchapishaji kwa miaka 35? Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Akaigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980. Mwandishi, usikate tamaa!

Je, wajua kwamba Yasmin na Denge wamefika Toronto? Adam Shafi aliwaandika katika *Vuta N'kuvute*, riwaya ya 1999. Miaka 22 baadaye Amil Shivji akawatoa katika filamu, na mwaka 2021 wakaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada.

Je, wajua kwamba msafara wa kwenda bara umo katika riwaya ya mshindi wa Nobel? Ni *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah (1994), inayomfuata kijana Yusuf. Ilingoja miaka 28 kusomeka kwa Kiswahili, hadi Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa jina *Peponi* mwaka 2022. Mhusika mmoja, wabebaji wawili!

Hapo ndipo utamu unapoongezeka. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi, lakini hakuvuka pori peke yake. Palikuwa na kirangozi, kiongozi wa msafara, mbele na wenzake nyuma. Mwandishi naye ni vivyo hivyo.

Je, wajua kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi, alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome? Ilikuwa Makerere, Juni 1962. Mswada huo ukawa *Weep Not, Child*, kitabu cha 1964. Aliomba tu asomewe!

Je, wajua kwamba kijiji kizima kinaweza kutunga wahusika? Mwaka 1982–83, huko Malya, mkoa wa Mwanza, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walikaa na wanakijiji, wakatunga mchezo juu ya mimba za wasichana. Waliotunga ndio waliocheza, na ndio waliojadili. Malya si mbali na hapa, ndugu yangu!

Je, wajua kwamba rais aliyesoma Tabora alimfundisha Shakespeare Kiswahili? Julius Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937. Tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilitoka 1963, akiwa Ikulu. Kazi zote zile, na bado alipata muda wa Brutus!

Je, wajua kwamba jina lake sasa linalipa waandishi? Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na mshindi wa kwanza huondoka na shilingi milioni 10. Milioni kumi, kwa watu wa kubuni!

Haya, unangoja nini? Tafuta wenzako watatu wapenda hadithi, chagueni siku moja ya wiki, kila mmoja aje na ukurasa mmoja na mhusika mmoja. Wekeni chai na michembe katikati, someni kwa sauti, ambianeni ukweli. Nzega ina watu wa kuandikwa, na ina watu wa kuandika. Nani anaanza kusoma?