"Hapa sisi ni familia": Kauli tamu ya bosi isiyotosha kujenga amani kazini

Ukiomba kazi dukani, saluni au kwenye karakana hapa Mwanza, kuna sentensi utaisikia mapema: "Hapa kwetu sisi ni familia."

Tamu. Shida inakuja tarehe 5, mshahara haujatoka, na ukiuliza unajibiwa: "Vumilia, si sisi ni ndugu?"

Kampuni ya watu watano inahitaji amani kuliko hata kampuni kubwa. Haina afisa utumishi. Mwenye mali ndiye bosi, mhasibu na msuluhishi. Wawili wakinuniana, karibu nusu ya kampuni imesimama.

Sasa urafiki kazini unajengwaje? Siyo kwa soda na keki ya birthday tu. Unaanza pale kila mtu anapojua atalipwa nini, lini, na akikosea itakuwaje.

Hesabu iwe wazi

Angalia wavuvi wa dagaa ziwani. Mara nyingi gharama kama mafuta hutolewa kwanza, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na wavuvi wake. Kazi ni ngumu na ya usiku, lakini watu wanavumiliana kama mgao unaeleweka. Tajiri akianza kuficha hesabu, vijana wanahamia mtumbwi mwingine.

Dukani ni hivyo hivyo. Kama mwezi huu mauzo ni mabaya na mshahara utachelewa, waambie mapema na utaje tarehe. Kukaa kimya na kuzima simu ndiko kunakozaa chuki.

Undugu uandikwe

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiangalii kama una wafanyakazi wawili au mia mbili. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yake, kituo chake, saa za kazi na malipo.

Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Likizo ya mwaka ni angalau siku 28 zenye malipo.

Mabosi wengine wanaona karatasi ni dalili ya kutoaminiana. Kinyume chake, karatasi inawaokoa wote wawili na ugomvi wa "mimi nilidhani".

Kosa lisiwe aibu

Hapa ndipo kampuni ndogo nyingi zinapoumia. Chukua mfano wa muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi pale Buzuruga. Amekosea chenji, elfu 30 imeondoka. Kama anajua atatukanwa mbele ya wateja na kukatwa mshahara papo hapo, atafanya nini? Atanyamaza. Atafunika leo kwa mauzo ya kesho, na kesho kwa ya keshokutwa. Bosi atakuja kushtuka mwisho wa mwezi, pengo limeshakuwa kubwa.

Kisheria, bosi hawezi kukata tu. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, apewe maandishi yanayoonyesha sababu na hesabu ya deni, apate nafasi ya kupinga, na akubali makato hayo kwa maandishi. Hata hapo, jumla ya makato isizidi robo ya malipo yake.

Kwa hiyo, swali la kwanza liwe "imetokeaje?" kabla ya "nani kafanya?"

Mambo madogo yasiyo na gharama

- Mtu akikosea, mseme pembeni. Akifanya vizuri, msifie mbele ya wenzake.
- Grupu la WhatsApp la kazi lipumzike usiku. Saa nne usiku siyo muda wa kuuliza stoo kuna nini.
- Utani ni mzuri, Watanzania tumeuzoea. Lakini mwili wa mtu, ujauzito au ugonjwa wake siyo vya kutania. Sheria inakataza unyanyasaji kazini.
- Mpwa wa bosi naye awahi. Kama yeye anaingia saa nne na wengine wanafokewa wakichelewa dakika kumi, hakuna hotuba itakayorudisha morali.
- Kaeni pamoja mara moja kwa wiki, hata kwa ugali na sato, na kila mtu aseme kinachomkwaza. Bosi aongee wa mwisho.

Mambo yakishindikana

Kama mazungumzo yamegonga mwamba, mfanyakazi anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ambayo inapatikana pia Mwanza. Angalia muda: mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Wengi wanapoteza haki kwa kusubiri bosi apoe.

Na wewe bosi, jipime kwa swali moja. Ni lini mara ya mwisho mfanyakazi alikuletea habari mbaya mwenyewe, kabla hujaigundua? Kama hukumbuki, usidhani hawakosei. Wanakuogopa tu.