Kuchagua Tandiko la Bwawa la Nyumbani

Watu wengi wa Ukambani, Laikipia na Kajiado wamechimba mabwawa madogo karibu na nyumba zao, ili kuweka maji ya mvua, kunyweshea mboga au kufugia samaki. Lakini mara nyingi mvua hulijaza bwawa, na baada ya majuma machache maji yote yamezama ardhini, na kazi ya jembe imepotea bure. Dawa yake ni kutandika bwawa kwa nailoni au mpira usiopitisha maji. Tandiko hilo ni ghali, na asiyejua kulichagua hununua hasara.

Kwanza yakupasa kujua kama unalihitaji. Mahali unapotaka bwawa chimba shimo la kufika kiunoni, ulijaze maji asubuhi na mapema. Jioni maji yatakuwa yamepungua, kwa kuwa udongo mkavu hunywa. Ulijaze tena, kisha ulifunike kwa matawi yenye majani. Kesho yake asubuhi, ikiwa maji mengi yangalipo, udongo wako ni wa mfinyanzi, nao ukishindiliwa vyema watosha. Weka fedha zako. Shimo likiwa tupu, tandiko ni lazima. Udongo mweusi kama wa Mwea na mbuga za Athi huzuia maji ukiwa umelowa, bali ukikauka hupasuka nyufa kubwa. Kwa hiyo bwawa lake lisiachwe likauke.

Nailoni nyembamba ya kufunikia bidhaa haifai hata kidogo, maana jua huifanya ikatike kama jani kavu. Ile iliyotiwa dawa ya kuzuia jua, ambayo hujengewa vibanda vya nyanya, ina unene wa milimita 0.2 hivi. Bei yake ni nafuu, lakini ukwato mmoja wa mbuzi huitoboa. Iliyo imara ni polithini ngumu nyeusi, yenye unene wa milimita 0.5 hadi 1. Weusi wake si urembo: ni masizi laini yaliyochanganywa ndani yake ili jua lisiiharibu. Ubaya wake ni kwamba haikunjiki vizuri penye pembe, wala vipande vyake havishikani kwa gundi, bali huunganishwa kwa mashine ya moto. Mpira hukunjika vizuri na hulala sawasawa katika kidimbwi cha bustani chenye mapindo, ila bei yake ni kubwa zaidi. Kwa bwawa la shamba mimi ningechukua polithini nyeusi ya milimita 0.75, wala nisingeshawishika na muuzaji asiyeweza kutaja unene wa bidhaa yake.

Kupima si kazi ngumu. Chukua urefu wa bwawa, ongeza kina mara mbili, kisha ongeza nusu mita kila upande ya kufukia ukingoni. Bwawa la mita 6 kwa 4, lenye kina cha mita 1, litahitaji tandiko la mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63. Wengi husahau kile kina, wakarudi nyumbani na kipande kifupi ambacho duka halitakipokea tena.

Kabla ya kutandika, ondoa mawe na mizizi yote, kisha mwaga mchanga laini au tandaza magunia makuukuu. Atakayeingia avue viatu. Jaza maji polepole ili uzito wake ulaze tandiko, ndipo ufukie kingo katika mfereji wa kina cha sentimita 30. Wafugaji wa samaki wajue kwamba tandiko huwatenga na udongo, ambao husaidia kuotesha chakula chao cha asili. Kwa hiyo watahitaji kulishwa zaidi.

Kuna hatari moja ambayo wauzaji hawaitaji. Tandiko lililolowa huteleza mno, na mtoto au hata mtu mzima akitumbukia hawezi kupanda, ajapokuwa hatua moja kutoka ukingoni. Jenga ua imara wenye mlango unaofungwa, na kila upande wa bwawa funga kamba nene yenye mafundo, itokayo kwenye nguzo iliyo nje hadi chini kabisa. Fanya hivyo kabla maji hayajaingia.