Gumbo la Shibe

Kwetu sisi neno gumbo ni njaa kuu. Lakini katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana huko Marekani, gumbo ni chakula cha shibe. Jina hilo ni la Kibantu, latoka upande wa Angola, na maana yake ni bamia. Lilifika huko vinywani mwa watu waliouzwa utumwani.

Gumbo ni mchuzi mzito wa bamia, kamba, kaa na soseji, huliwa kwa wali. Wengi huanza kwa kukaanga unga wa ngano katika mafuta, desturi ya Kifaransa. Mpishi hukoroga bila kuondoka jikoni mpaka unga uwe na rangi ya kahawa. Ukiungua hata kidogo, humwagwa, kazi ikaanza upya. Wengine hutia majani makavu yaliyotwangwa ya mti wa msituni, waliyoyapata kwa wenyeji, Wachoctaw. Kila nyumba ina namna yake, na mabibi wengi hawapimi kitu ila kwa jicho na pua.

Agosti 2005, wakati wa tufani ya Katrina, kuta za kuzuia maji zilibomoka, sehemu kubwa ya mji ikafunikwa. Karatasi za mapishi walizorithi watu kwa mama zao zikaoza masandukuni. Waliporudi, wakaliandikia gazeti lao, The Times-Picayune, wakiuliza: nani aliyehifadhi pishi fulani? Wakajibiwa na watu wasiowajua kabisa. Mwaka 2008 mapishi hayo yalipigwa chapa yakawa kitabu, na gumbo limo.