Gia za transfa: hesabu kabla ya kununua

Mwenye gari la utalii la ruti ya Arusha, Karatu na Ngorongoro hubeba gharama za aina mbili: mafuta kwenye lami, breki na klachi kwenye mteremko wa kreta. Kubadili gia za transfa, yaani giaboksi ndogo inayopeleka nguvu ekseli za mbele na nyuma, kwaweza kupunguza gharama ya kwanza.

Tuchukue Land Rover Defender. Transfa yake aina ya LT230 ina upande wa mwendo na upande wa nguvu. Kwa Defender nyingi za injini ya 300Tdi, uwiano wa mwendo ni 1.41 na wa nguvu ni 3.32. Discovery ya injini hiyo ina 1.22 upande wa mwendo. Gia za 1.22 zikifungwa kwenye Defender, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika itazunguka takriban 2,600 kwa mwendo uleule.

Nafuu hiyo hupatikana kwenye lami, takriban kilomita 140 kutoka Arusha hadi Karatu. Kwenye mlima baada ya Karatu, dereva mwenye abiria na mizigo atalazimika kurudisha gia mapema zaidi. Upande wa nguvu haubadiliki, hivyo gari litashuka kreta, kina cha mita 600 hivi, likishikwa na injini kama zamani.

Zipo pia gia za kuongeza nguvu. Kwa Toyota Hilux za zamani, watengenezaji wa Marekani huuza seti inayotoa uwiano kutoka 2.28 hadi 4.70. Hizo ni za kupanda miamba. Kwa barabara ya kreta ni fedha iliyolala.

Mfano wa hesabu tu: gia, ufundi na siku za gari kulala gereji zikigharimu Sh. 2,000,000, na kila safari ikiokoa Sh. 10,000, mtaji utarudi baada ya safari 200. Mwenye safari 100 kwa mwaka atasubiri miaka miwili. Mwenye 30 atasubiri karibu saba.

Aidha, spidomita ya LT230 huendeshwa baada ya gia hizo, hivyo kilomita zitasomeka sawa. Pima lita za safari tano kabla na tano baada, kisha ndipo uamue kuhusu gari la pili. Kazi yenyewe ifanyike miezi ya mvua, wageni wakiwa wachache.