Ukiulizwa: Je, Wapenda Kuimba?

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Lakini mpenzi msomaji, wahenga hao hao hawakutuachia neno kuhusu yule anayeulizwa. Mimi nimemwona mtu mzima, mwenye diploma yake ya uuguzi, akiulizwa swali la maneno matatu tu, akabaki ametumbua macho kama samaki wa sokoni. Swali lenyewe lilikuwa hili: "Je, wapenda kuimba?"

Mtu huyo ni dada yangu. Mwezi wa Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwawezesha wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Dada naye akaamua kujaribu bahati yake. Kumbe kabla ya kupanda ndege kuna mtihani wa Kiingereza! Aliofanya yeye unaitwa IELTS. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na alama ya juu kabisa ni 9. Baraza la wauguzi la Uingereza hutaka muuguzi apate 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Dada alifaulu kwingine kote. Katika kuzungumza akapata 6. Alama moja tu, lakini mama alikuwa ameuza mtamba kule mashambani ili ada ipatikane. Kwa hivyo mkiona nimelivalia njuga jambo hili, sababu mmeijua.

Usiseme hayo ni ya wauguzi peke yao. Mtihani huu hufanywa pia na wanaotaka kusoma ng'ambo, na kati yetu wamo wenye ndoto hiyo. Tena sisi tuna shida yetu. Katika KCSE maswali ya mazungumzo ya Kiingereza huja katika karatasi ya kwanza, nasi huyajibu kwa kalamu. Unaandika vile ungesema, lakini husemi! Siku ya kuketi ana kwa ana na mtahini, ulimi unakuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Mtihani wenyewe wa kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14, na mazungumzo hurekodiwa. Una hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, ya dakika 4 hadi 5, mtahini huuliza maswali mepesi ya maisha yako: kwenu, kazi, masomo, na mambo ya kawaida kama kuimba. Katika hatua ya pili unapewa kadi yenye mada, labda uelezee wimbo unaoupenda. Unapewa dakika 1 ya kujiandaa, kisha unazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Katika hatua ya tatu maswali huwa mapana zaidi, kwa mfano iwapo shule zinafaa kufundisha kuimba. Alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa maneno, msamiati, sarufi na matamshi. Angalia vizuri, sauti tamu haimo. Hata ukiwa unaimba kama chura wa mtoni, hupunguziwi kitu.

Basi jioni moja nilivaa koti la marehemu babu nikajifanya mtahini. Nikamwuliza dada kwa Kiingereza kama anapenda kuimba.

"Ndiyo, napenda," akajibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kuzuri."

Kisha kimya. Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, akaangua kicheko. "Ati huyu! Si ndiye aliyekesha akiongoza nyimbo kwenye matanga ya shangazi yenu? Leo hana la kusema? Hebu muulize kwa Kiswahili."

Nikamwuliza kwa Kiswahili. Loo! Dada alisema mpaka chai ikapoa. Alieleza vile alivyoingia kwaya ya watoto akiwa na miaka saba, vile alivyozomewa kwenye mashindano ya shule alipoanza wimbo juu sana, na vile usiku wa matanga mbolezi ile moja iliwafanya wanaume wazima watoe leso. Hapo ndipo nilipotambua kwamba dada hakupungukiwa na Kiingereza tu. Alidhani kuwa mtihani wa Kiingereza unataka mambo ya Kiingereza, akayaacha yake yote nje ya mlango.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike, msomaji. Tafuta la kusema kwanza, kisha ulitafutie Kiingereza chake. Tulifanya hivi:

Kwanza, jibu swali moja kwa moja, kisha toa sababu, kisha toa mfano mmoja kutoka maishani mwako. Sentensi tatu au nne zatosha katika hatua ya kwanza. Mfano: "Ndiyo, napenda sana kuimba, hasa nikiwa na wenzangu. Huniondolea uchovu wa kazi. Wiki iliyopita nilitoka zamu ya usiku nikiwa hoi, lakini baada ya mazoezi ya kwaya nilijihisi mtu mpya." Na kama hupendi kuimba, sema hupendi. Hakuna atakayekukasirikia, mradi utoe sababu.

Pili, fungua ghala la fasihi simulizi. Haya mambo tunayoyakariri kwa ajili ya karatasi ya tatu ya Kiswahili si ya KCSE tu! Ukiulizwa watu huimba wakati gani, wewe unazo bembelezi za kulaza watoto, wawe za wakulima, kimai za wavuvi na mabaharia, nyiso za jandoni, na mbolezi za msibani. Huna haja ya kutaja majina hayo. Eleza tu kwamba kwetu mtu huimbiwa tangu anapozaliwa mpaka anapozikwa. Akiba haiozi. Kisha jifunze maneno machache ya Kiingereza ya kubebea mzigo huo: bembelezi ni "lullaby", kiitikio ni "chorus", mahadhi ni "tune", na ule mtindo wa mmoja kuanza na wengine kuitikia huitwa "call and response". Lakini tafadhali, ile "sauti nyororo mithili ya kinanda" ya insha zetu iache hapa hapa gazetini.

Tatu, chunga nyakati. Hapa Kiswahili kinasaidia kuliko mnavyofikiri. Ukisema "huimba kila Jumapili", hiyo ni desturi, na Kiingereza chake ni "I sing". Ukisema "nilikuwa nikiimba nilipokuwa mdogo", lakini sasa umeacha, ni "I used to sing". Ukisema "nimekuwa nikiimba tangu shule ya msingi", na bado waimba, ni "I have been singing". Dada alikuwa akiziweka zote tatu katika kapu moja. Tulipozipanga kwa Kiswahili kwanza, zilinyooka zenyewe.

Nne, matamshi. Wengi wetu tukitamka "sing" mwisho huwa "n" tupu, na hapo umesema dhambi. Hebu fikiria muuguzi akimwambia mtahini kuwa anapenda dhambi kila Jumapili kanisani! Wengine huongeza "k" mwishoni, ikawa karai la kuoshea vyombo. Ilhali sauti hiyo tunayo tangu utotoni: ni ng' ya ng'ombe. Neno "singer" lina ng' ya ng'ombe, lakini neno "finger" lina ng ya ngoma. Yarudie ukienda shuleni, kama mimi ninavyofanya njiani asubuhi, hata watu wakidhani umerukwa na akili.

Tano, usikariri jibu zima. Dada alikuwa na daftari la majibu aliyouziwa, yote ya mtu anayeimba bafuni akioga chini ya bomba la mvua. Sisi twaoga kwa karai! Watahini wamefundishwa kulitambua jibu la kukariri, na wanaweza kukukatiza kwa swali jingine. Usiposikia swali vizuri, omba lirudiwe. Hiyo si aibu, ni mazungumzo ya kawaida.

Kwa maswali mapana ya hatua ya tatu, kuna mfano ambao kila Mkenya anao. Mwaka 1963 tulipokuwa twakaribia uhuru, mahadhi ya wimbo wetu wa taifa yalitolewa katika bembelezi ya Wapokomo wa kando ya Mto Tana. Wimbo ambao mama alimlazia mtoto ndio leo unaotusimamisha wima kwenye gwaride la asubuhi. Ukiulizwa kama nyimbo za zamani zina faida, au kama watoto wafundishwe kuimba, je, utakosa la kusema?

Najua unataka kujua dada alifikia wapi. Alirudia mtihani baada ya miezi mitatu. Tulikuwa tumejiandaa kwa kuimba mpaka majirani wakachoka nasi. Alipotoka nikamkimbilia. "Ulisema yale ya matanga?" Akacheka. "Hata sikuulizwa kuimba. Niliulizwa viatu!" Moyo ukanidunda paa! Lakini akaniambia alikumbuka viatu vya kwanza alivyonunuliwa alipojiunga na sekondari, vikubwa kuliko miguu yake, mama akamwambia atavikulia. Alijibu, akatoa sababu, akatoa mfano. Mtahini akatabasamu, naye akasahau kuogopa.

Alipata 7. Mama hasemi mengi, ila siku hizi akichambua maharagwe huimba. Mtamba haukurudi, lakini dada ameahidi kununua mwingine kwa mshahara wake wa kwanza.

Nawe msomaji, jioni ya leo mwombe ndugu au rafiki akuulize kama wapenda kuimba. Jibu kwa Kiswahili kwanza, usiache kitu. Kisha jibu kwa Kiingereza. Utashangaa una mengi kiasi gani. Hapa naweka kalamu chini, kengele ya kwenda nyumbani imelia.