Fiba imefika kwenye avenyu: tuiingize nyumbani ao tuendelee na mega?

Katika mikutano yetu ya miezi hii, ulizo moja linarudi kila mara, kutoka Katuba hadi Ruashi, kutoka Kampemba hadi komini Annexe: je, inafaa kuingiza fiba nyumbani, ao tuendelee kununua mega kidogo kidogo? Wauzaji wanapita na makaratasi mazuri. Watoto wanasema majirani wanayo tayari. Baba anasema ni anasa. Na mama, ambaye ndiye anajua feza ya nyumba inaenda wapi, anabaki katikati.

Hatutaki kumwambia mtu anunue ao aache. Tunataka kila mama afanye hesabu yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Fiba ni nini, na inatoka wapi

Fiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Ndani yake habari zinapita kwa njia ya mwanga. Simu yetu ya kawaida inatumia mawimbi ya mnara, na mnara mmoja unahudumia watu wote wa katiyee. Ndiyo sababu mangaribi, wakati kila mtu anaingia, intaneti inakuwa nzito. Fiba inaleta njia yake hadi ukutani mwa nyumba yako. Hata hivyo, haiko yako peke yako: mara nyingi uzi mmoja unagawanywa kwa nyumba 32 ao 64. Kwa hiyo kampuni ikiweka wateja wengi kuliko uwezo wake, uzito ule ule utarudi.

Lubumbashi iko mbali sana na bahari. Intaneti inatufikia kwa waya ndefu, zingine kwa upande wa Zambia kupitia Kasumbalesa, zingine kwa upande wa magharibi, ambako waya wa baharini unaoitwa WACS ulifunguliwa Muanda mwaka 2013. Katika mwezi wa nane wa 2023, udongo ulioporomoka chini ya bahari, kwenye bonde la mto Congo, ulikata WACS na waya mwingine, na inchi nyingi za Afrika zilipata shida kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba fiba haikatike hata siku moja, usimwamini. Ni imara kuliko mawimbi, lakini safari yake ni ndefu.

Kwa nini avenyu moja inayo na nyingine haina

Wengi wanafikiri kwamba waya wenyewe ndio unaomeza feza. Hapana. Feza nyingi inaenda katika kuchimba, kusimamisha milingoti, kuomba ruhusa na kulipa mafundi. Kwa hiyo kampuni inaanza pale ambapo nyumba ni nyingi na zinalipa. Avenyu yenye wateja watatu waliotawanyika haiiletee faida. Avenyu yenye wateja kumi na tano walioandika majina pamoja inailetea. Hapo kikundi cha wamama kina nguvu ambayo mama mmoja hana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ukitaka kujua kama nyumba yako inaweza kupata, usiulize tu kama fiba iko katika komini yenu. Uliza kisanduku cha kugawanyia kiko kwenye mlingoti gani, na ni metre ngapi kutoka pale hadi mlango wako. Mara nyingine bei ya kuunganisha inahesabiwa kwa umbali fulani tu, na kila metre inayozidi unailipa wewe.

Daftari la mega

Tunapendekeza kazi moja kabla ya yote. Chukua daftari la mtoto, na kwa mwezi mmoja uandike kila franka ya mega inayotoka nyumbani mwako: ya baba, yako, ya watoto, ya mdogo wako anayekaa kwenu. Kando ya kila namba uandike: nyumbani ao nje.

Neno hilo la mwisho ndilo lenye maana zaidi. Fiba inabaki nyumbani. Mama anayeuza sokoni tangu asubuhi hadi saa kumi na moja hawezi kuibeba katika kikapu. Atanunua mega zake kama zamani. Kwa hiyo linganisha bei ya fiba na mega za "nyumbani" peke yake.

Tutoe mfano wa hesabu tu, si bei ya kampuni yoyote. Nyumba yenye simu tano, kila moja ikitumia franka 1 000 kwa siku, inatoa franka 5 000 kwa siku, maana yake 150 000 kwa mwezi. Kama nusu yake inatumika nje, basi fiba itaokoa 75 000 tu. Geuza 75 000 hizo kwa dola kwa bei ya siku ile, kwa sababu faktire za fiba mara nyingi zinahesabiwa kwa dola. Ukiona faktire inazidi ile nusu, fiba haikupunguzii kitu. Unalipia raha zaidi. Raha si zambi, lakini ijulikane ni raha, na feza ya masomo iwe imekwisha kuwekwa pembeni.

Neno moja linatuchanganya. Mega unazonunua kwenye kibanda ni kipimo cha wingi: zikiisha, umemaliza. Mega za karatasi ya fiba ni kipimo cha mbio kwa segonde, na ni ndogo mara nane kuliko zile za kibanda. Fiba ya 20 inaleta kama mega mbili na nusu za kibanda kwa kila segonde. Kwa nyumba ya kawaida inatosha: kuongea kwa video kunaomba moja ao mbili, kuangalia somo la video kunaomba kama tatu. Mama asisukumwe kulipia 100 juu ya mtoto mmoja anayefanya devwaa.

Umeme ndio mlango wa kwanza

Waya wa simu wa zamani ulileta umeme kidogo ndani yake. Uzi wa kioo hauleti kitu isipokuwa mwanga. Umeme wa SNEL ukienda, kisanduku ukutani kinazimika, na faktire inaendelea kuhesabu.

Kuna habari njema hapa. Kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako, mara nyingi hakuna chombo kinachohitaji umeme njiani. Kama kituo kina grupu ao betri, na wewe una betri yako, intaneti inabaki hata katiyee nzima ikiwa giza. Kisanduku na wifi yake vinakula kidogo, kama wati 10 hadi 15. Betri ndogo ya volti 12 na ampere 7, ikiwa nzima, inaweza kuvishikilia kwa saa tatu ao ine, muda wa kutosha kwa devwaa. Lakini usiunganishe mwenyewe: mwite fundi, na asome kwanza volti iliyoandikwa chini ya kisanduku.

Sahani ya satelaiti pia iko sasa, kwani Starlink ilipata ruhusa ya ARPTC katika mwezi wa tano wa 2025. Inafaa pale ambapo fiba haitafika karibuni. Lakini inakula umeme mwingi zaidi kuliko kisanduku cha fiba, na vyombo vyake vinalipwa mwanzoni.

Kama kwenu umeme unakuja saa sita ya usiku na unaenda alfajiri, na hamna betri wala pano ya jua, ushauri wetu ni kungoja. Nunueni betri kwanza. Itawasha taa pia.

Kuungana katika lupango moja

Lupango nyingi za mji wetu zina nyumba tatu ao ine. Wamama wengi wanauliza: tuweke fiba moja na tugawane? Kwa mfano, faktire ya dola 45 kwa nyumba tatu inakuwa dola 15 kwa kila moja. Hesabu ni nzuri. Lakini likelemba inatufundisha kwamba feza ya pamoja inavunja urafiki pale ambapo sheria hazikuandikwa. Kwanza someni kontra: zingine zinakataza kutoa ao kuuza intaneti nje ya nyumba ya mteja. Muulizeni muuzaji, na jibu lake liandikwe.

Kama inaruhusiwa, kubalianeni mambo haya: nani jina lake liko kwenye kontra; feza inaletwa siku gani, tuseme siku tano kabla ya faktire; asiyelipa anafungiwa namna gani; na mpangaji akihama, feza ya kuunganisha aliyotoa inarudi ao hairudi. Mwenye lupango ajue pia, na atie sahihi. Ukuta ni wake. Asije akasema kesho kwamba mlitoboa bila ruhusa.

Waya uinuliwe juu ya mlango wa gari, mbali na matawi ya mwembe. Usikunjwe sana, maana uzi ukikunjwa mwanga unapotea. Mtu asiufanye kamba ya kuanikia nguo. Ukikatika, watoto wasichungulie ncha yake: mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kuumiza jicho.

Na watoto?

Hapa ndipo mioyo yetu iko. Mega zilikuwa lango: zikiisha, mtoto analala. Fiba mara nyingi haina mwisho, basi lango linakuwa wewe. Mtoto wa mwaka wa sita sekondari, anayetayarisha mtihani wa serikali, atapata masomo ambayo kitabu cha shuleni hakina. Mdogo wake anaweza kupata, kwa njia ile ile, mambo ambayo hakuna mama angependa ayaone.

Tunashauri kisanduku kikae katika chumba cha wazazi, simu za watoto zitumike mbele ya watu wa nyumba, na wifi izimwe kwa saa moja inayojulikana na wote, hata na baba. Neno la siri libadilishwe kila mwezi. Mtoto wa jirani atalijua mapema kuliko unavyofikiri. Na msichana apewe zamu sawa na kaka yake. Katika nyumba nyingi, yeye anaosha vyombo wakati kaka anasoma. Akimaliza, umeme umekwenda.

Maulizo ya kuuliza kabla ya sahihi

Bei ya mwezi wa kwanza ni hii. Ya mwezi wa ine ni ngapi? Kisanduku ni changu ao ni cha kampuni, na kikiungua kwa umeme mbaya, nani analipa? Fiba ikikatika siku kumi, siku hizo zinarudishwa? Nikitaka kuacha, natoa taarifa siku ngapi mbele? Nikihama, inanifuata? Kontra iko katika luga ninayoisoma, ao nipewe siku mbili ili mtu anisomee? Muuzaji anayekasirika juu ya maulizo haya amekwisha kukujibu.

Kila kikundi kilete daftari la mega la mwezi mmoja kwenye mkutano wa siku ya posho ya mwisho wa mwezi ujao. Tutayaweka pamoja, avenyu kwa avenyu. Pale ambapo hesabu inakubali, tutaenda kuongea na wauzaji tukiwa wengi, na karatasi mkononi. Pale ambapo haikubali, mama asione haya: ameokoa feza ya nyumba yake.